Siku Hizi Kutembea Kuna Orodha

Hivi jamani, kutembea kulianza lini kudai vifaa? Nauliza kwa uchungu. Nimezaliwa nakuta watu wanatembea. Bibi yangu alitembea, ndoo kichwani, mjomba wangu mgongoni, mama yangu tumboni. Hakuna aliyemsimamisha njiani kumuuliza soksi zake ni za pamba au za sufu. Soksi zenyewe hakuwa nazo. Leo unataka kupanda kilima asubuhi, usiku urudi ulale kwako, unatumiwa orodha kwenye simu, ukiifungua bando linakata.

Anayenitesa ni dada wa HR ofisini kwetu. Binti mdogo, ana afya ya kukera. Anapanda ngazi mpaka ghorofa ya sita huku anaongea na simu. Mimi nikifika ghorofa ya pili naongea na Mungu. Basi kaanzisha kikundi cha haikingi. "Ni siku moja tu wapendwa, tunapanda Uluguru, tunarudi." Wapendwa! Ukiona mtu wa HR anakuita mpendwa, jua unakatwa kitu.

Na kisingizio sina. Treni ya umeme ipo tangu Juni 2024. Mtu wa Dar anadamka, anapanda, chai haijashuka vizuri tumboni keshafika Morogoro. Zamani ningesingizia foleni ya Kimara. Ningesingizia Chalinze. Sasa nisingizie nini? Nikasema haya, nimo. Mimi nikisikia Moro nawaza upepo na nyama choma. Sikuwaza dira.

Maana orodha ilianza na dira. Ramani na dira. Miwani ya jua. Nguo za ziada. Tochi. Dawa za huduma ya kwanza. Kiberiti. Cha kuwashia moto, yaani kiberiti hakitoshi, kinataka na mwenzake. Kisu. Chakula cha ziada. Vitu kumi vya lazima, anasema, wala si uzushi wake. Ni orodha ya chama cha wapanda milima cha Seattle, Marekani, The Mountaineers, waliianza miaka ya 1930 kufundishia watu wao. Nikaisoma juu, nikaisoma chini. Maji hayamo! Mzee mzima unabeba dira, humo ndani maji hakuna. Dada akanijibu kwa upole ule wao kwamba waliipanga upya mwaka 2003 na maji wakayaingiza. Miaka yote hiyo watu wanakunywa dira?

Na ramani ya nini? Mlima wa Uluguru unauona ukiwa bado kwenye treni. Umesimama juu ya mji wa Morogoro. Huwezi kuukosa hata ukiwa umetoka baa.

Nikamwonyesha Mama Junior ile orodha. Akasoma yote, kimya. Akainua macho. "Baba Junior, unahama?"

Tuanze na viatu, maana ndiko nilikoanza kufilisika. Nikaenda Karume, Ilala, mchana wa jua kali, muda wa chakula. Kijana akanidaka kabla sijasimama. "Mkubwa! Njoo uone buti, hili Mjerumani kalivua jana. Belo nimefungua sasa hivi." Buti la kahawia. Soli nene. Halina mkwaruzo hata mmoja. Elfu sitini. Tukabishana mpaka watu wakasogea. Nikaondoka nalo kwa arobaini, natembea kifua mbele, nimemkomesha.

Sasa dada wa HR alikuwa ametuandikia maelezo. Kiatu kinunuliwe jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kijaribiwe na soksi ileile utakayovaa mlimani. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana kwenye mteremko mguu husogea mbele, vidole vikigonga ncha ya kiatu siku nzima, kucha zinageuka nyeusi. Kisha ukivae mtaani wiki kadhaa, kilegee, kizoeane na wewe, ndipo kikutane na mlima. Nikaona huyu binti anafundisha watu wazima kuvaa viatu. Mguu wangu naujua. Namba arobaini na mbili tangu sekondari. Buti likanibana kidogo, muuzaji akaapa kwa jina la mama yake kwamba ngozi itatanuka. Mama wa mtu nimkatae mimi nani? Nikalifungia kabatini lisichafuke kabla ya siku yenyewe.

Yule kijana nusura aniuzie na kofia. Pama nzuri, ukingo mpana, inafunika mpaka shingo. Tatizo ina mabaka ya jeshi. Nikamrudishia haraka. Raia haruhusiwi nguo za mabaka, na mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wazisalimishe. Mimi mlima tu unanitisha, niongeze na kambi? Nikachukua kofia ya ukili ya bibi mmoja pembeni pale, elfu tatu. Na nikwambie ukweli, katika vitu vyote nilivyonunua ndicho kitu pekee ambacho hakijanidhalilisha.

Sasa nguo. Hapa ndipo niligundua kabati langu lote halifai. Mimi mtumishi, kabati langu ni Mei Mosi. Fulana ya Mei Mosi ya mwaka juzi, ya mwaka juzi ule mwingine, ya semina, ya kampeni, ya msiba wa baba mkwe yenye picha yake. Zote pamba. Dada anasema pamba marufuku. Pamba inakunywa jasho, haikauki, ukifika juu upepo ukakupiga, ile fulana iliyolowa inakunyang'anya joto la mwili. Jinzi ndiyo usiguse kabisa, ikilowa unabeba ndoo miguuni. Vaa poliyesta, au sufu. Nikachukia. Wasukuma wanalima pamba Simiyu na Shinyanga tangu babu zao, leo mlima wa Morogoro unaikataa?

Ila poliyesta ninayo. Jezi! Jezi ya mpira ni poliyesta tupu, unaifua asubuhi, mchana unaivaa. Nikavaa jezi ya timu yangu. Siitaji, nisije nikapoteza nusu yenu hapa. Nusu ya kikundi hawakunisalimia mpaka Ruvu.

Halafu wanataka uvae tabaka tatu. Ya ndani ya kutoa jasho. Ya katikati ya joto, sweta au kitu cha manyoya manyoya. Ya juu ya kuzuia mvua na upepo. Ukitembea unavua, ukisimama unavaa. Kazi gani hii? Lakini hesabu yao inatisha. Ukipanda mita 1,000, joto linashuka takriban nyuzi 6. Mji wa Morogoro upo kwenye mita 500 hivi, kilele cha Bondwa kinapita mita 2,000. Toa nyuzi tisa hapo. Sisi watu wa Dar ikifika nyuzi 22 tunavaa masweta, tunaulizana kama kuna mtu kafa. Sasa nyuzi tisa?

Sweta nilibeba, la Junior la shule, lina nembo. Chini nikavaa bukta, kwa sababu kwenye picha zote alizotutumia dada, Wazungu wamevaa bukta wanacheka. Nikasema Mzungu hawezi kucheka bure.

Begi nililo nalo ni la semina, la kubebea laptopu, mkanda wa bega moja. Wenzangu wana mabegi ya mgongoni yenye mkanda wa kiunoni, mzigo unakaa kwenye nyonga badala ya kuning'inia shingoni. Mimi wangu uliningojea nipige hatua, unanipiga pajani. Hatua, pah. Hatua, pah. Mpaka leo paja la kulia lina alama ya zipu.

Wakasema nguo za akiba na simu vifungwe kwenye mfuko wa nailoni, visilowe. Mfuko wa nailoni nautoa wapi? Rambo zilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Nikamuuliza Mangi dukani kwa sauti ya chini, akanitazama, akatazama barabarani, akasema, "Kaka, unataka nifungwe?" Akanipa hii mifuko mbadala, ile ya kitambaa. Inapitisha maji vizuri sana. Mvua iliingia humo bila kubisha hodi.

Haya, siku ikafika. Tunapanda kutoka mjini kuelekea Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyoko juu huko. Kijana wa kutuongoza, Mluguru, miguu myembamba, mdomo mzuri, akanipokea. "Shikamoo mzee." Mzee! Tumeshuka treni moja wote, mimi peke yangu nimepata shikamoo. Akaangalia buti. "Jipya hilo mzee?" Nikamwambia la Mjerumani. Akanyamaza, kaguna kidogo. Mluguru akiguna kuna jambo.

Nusu saa, kisigino kinawaka. Lengelenge. Saa moja, lengelenge limepata mdogo wake. Dada ananiuliza umevaa soksi gani. Za ofisini, nyeusi, nyembamba, zile za tatu elfu tano. Akafumba macho. Anasema soksi nene isiyo ya pamba, na unabeba pea nyingine kavu, ukihisi moto kisiginoni unasimama palepale unabandika plasta kabla halijawa lengelenge. Sasa asimame nani wakati vijana wote wamenipita?

Hapo ndipo tukakutana na yule mama. Anashuka. Kichwani kapu la mboga na matunda, anawahi soko la mjini. Miguuni ndala. Ndala tu jamani! Moja ya bluu, moja ya kijani. Njia ina mawe, ina utelezi, yeye anashuka anaongea, mkono haugusi kapu. "Shikamoo mama." "Marahaba, poleni na safari." Katupa pole sisi, wenye vifaa. Halafu macho yakatua kwangu, yakakaa. "Baba, we unaumwa?"

Nikamgeukia yule kijana. Nikamwambia mwone huyo, hana dira, hana tabaka tatu. Akanijibu kitu kimenikaa mpaka leo. Anasema, "Mzee, huyu njia hii kaanza kupita mgongoni kwa mama yake. Nyie vifaa lazima mbebe, maana miguu hamna." Nikataka kukasirika, nikakosa pumzi. Lakini ndiyo hesabu yenyewe. Orodha yote ile ni kodi anayotozwa mtu asiyetembea. Yule mama keshalipa tangu utotoni, kidogo kidogo, kila siku ya soko. Mguu wake unajua kila jiwe, ngozi ya kisigino ni soli. Mimi nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka miaka yote hii, nikitoka nje napanda boda mpaka dukani kwa Mangi. Deni limekua na riba. Nikataka kulimaliza Karume kwa elfu arobaini.

Na elfu arobaini zenyewe hazikufika mbali. Karibu na Morningside nikasikia upepo kwenye unyayo. Natazama chini, soli ya kulia imebaki nyuma. Imejibandua yote, inanisubiri njiani. Hatua chache ya kushoto nayo ikaona aibu kubaki peke yake. Fundi wa mtaani kwetu alinieleza baadaye, kwa raha zake zote. Soli nyingi za namna hiyo ndani zina poliyurethani, povu gumu hivi, na lile povu linaoza lenyewe kwa unyevu na umri, uvae usivae. Kukaa kabatini miaka ndiko kunakoliua. Yaani buti likiwa halina mkwaruzo, ujue huko Ujerumani lilikuwa linaoza taratibu. Anasema likunje, libonyeze soli kwa kidole, likitoa vumbi au nyufa, kimbia. Sasa mtu anakwambia leo!

Yule kijana akakata ganda la mgomba, akachana kamba, akanifunga soli na mguu kwa pamoja. Kazi safi. Nikafika Morningside nimefungwa mithili ya kisamvu cha soko la jioni.

Wenzangu wakaendelea kupanda kuelekea Bondwa. Mimi wakanitazama miguuni, wakatazamana. Dada wa HR, kwa upole uleule: "Mkubwa wetu, si utukalie hapa, utulindie mabegi?" Nikaachiwa mabegi. Mtu mwenye digrii. Nikajitafutia mahali pazuri penye majani, nikakaa.

Siafu. Sitasema mengi. Mliowahi kukalia siafu mnajua, msiowahi sitaki kuwatisha. Ila sasa ndiyo nimeelewa kwa nini orodha inasema suruali ndefu, na panapo wadudu uichomeke ndani ya soksi. Bukta haina cha kuchomeka. Bukta ni lango. Wakapita watoto wamebeba kuni, wakaweka kuni chini, wakakaa waangalie vizuri. Nimebaki na jezi na kofia ya ukili, naruka. Mtoto mmoja mwenye huruma akanishauri, "Babu, vua na hiyo." Kutoka mzee nimefika babu, na jioni bado.

Ikaja mvua. Milima ile ndiyo inayolisha mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar. Maji ninayoyasubiri bombani Tabata nikayapata yote siku ile, bila bili. Wenzangu huko juu wamevaa makoti ya mvua. Mimi nina sweta la shule. Koti la dereva wa bodaboda lingenitosha kabisa, linauzwa kila kona, ila nani anabeba koti la mvua wakati asubuhi jua linawaka? Mlima ule asubuhi unakucheka, mchana unakulowesha.

Kushuka ndiyo kabisa. Vidole vinagonga ncha ya buti, kila hatua. Kwenye nusu lita ya maji niliyobeba halijabaki tone, wakati wanasema ukadirie nusu lita kwa kila saa unayotembea. Nimeombaomba maji kwa vijana wa uhasibu ambao mwezi mzima nawasumbua risiti. Wakanipa, huku wanatabasamu. Jua la huku kwetu nalo halina kuaga, saa kumi na mbili na nusu unaliona, saa moja giza totoro. Kila mtu kawasha tochi ya kichwani. Mimi tochi yangu ni ya simu, na simu ipo kwenye mfuko mbadala, inaogelea. Nikashuka nimeshika begi la mbele yangu. Wakaniambia ukipotea, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika, rudia. Nikauliza filimbi iko wapi. "Kwenye orodha mzee."

Basi nimelipa. Nimenunua raba mpya zenye soli ya meno, jioni, nafasi ya kidole gumba ipo, Mama Junior kaja kuhakikisha mwenyewe kwa kidole chake. Soksi nene pea mbili. Suruali nyepesi ya kukauka haraka. Koti la bodaboda. Chupa kubwa. Tochi ya kichwani. Filimbi. Fimbo ya mwanzi. Dada amesema raba zizoeshwe, kwa hiyo kila usiku nikitoka kazini navaa kila kitu nazunguka mtaa. Tochi kichwani, fimbo mkononi, filimbi shingoni. Mbwa wanabweka, mapazia yanafunguka. Na mguu, usinicheke, umeanza kuelewa.

Juzi mwenyekiti wa mtaa kanigongea mlangoni. Kaja na daftari. Ananishukuru kwa moyo wa kujitolea, wananchi wamemweleza, tangu nianze doria hakuna betri ya gari iliyoibwa. Anasema vijana wa ulinzi shirikishi wengi hawana vifaa, lakini mimi naona ninavyo vyote. Kanipanga Jumanne na Ijumaa, saa sita usiku mpaka alfajiri. Nikamwangalia Mama Junior aniokoe. Akanikabidhi koti la mvua.